Kusubiri Majibu ya Chuo cha Kijeshi Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mwombaji na Mzazi

Fomu zimeshatumwa, mtihani wa utimamu wa mwili umefanyika, usaili wa mbunge umepita, na sasa kimya. Kwa familia zetu zilizohamia Marekani huu ndio wakati mgumu kuliko wote, maana mara nyingi hakuna mjomba wala shangazi aliyewahi kupita njia hii tukamuuliza. Wenzake kijana walioomba vyuo vya kawaida wanaanza kupata majibu Desemba. Yeye Januari inapita, Februari inapita, na Machi ikifika nyumba nzima inaamka na kulala na simu mkononi.

Nimekaa karibu na waombaji na wazazi wao katika miezi hii, na nionavyo mimi, anayeteseka zaidi ni yule asiyejua nafasi zinagawiwaje. Akishajua, ukimya unaanza kusomeka. Kwa hiyo nitatumia muda mrefu zaidi kwenye mgawo wa nafasi na kwenye afya, kwa kuwa huko ndiko majibu mengi yanakokwama.

Kwanza, ni vyuo gani tunavyozungumzia

Vyuo vya kijeshi vya serikali kuu viko vitano: cha Jeshi la Nchi Kavu huko West Point, New York, kilichoanzishwa mwaka 1802, cha Jeshi la Majini huko Annapolis, Maryland (1845), cha Jeshi la Anga huko Colorado Springs (1954), cha Walinzi wa Pwani huko New London, Connecticut, na cha Wanamaji wa Meli za Biashara huko Kings Point, New York. Karo hailipwi. Katika vile vitatu vya kwanza kadeti anapata mshahara mdogo wa kila mwezi, na akihitimu anakuwa afisa na kulitumikia jeshi kwa miaka isiyopungua 5.

Vyote isipokuwa cha Walinzi wa Pwani vinataka mwombaji awe amependekezwa, kwa kawaida na mbunge wa wilaya yake au seneta wa jimbo lake. Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Pendekezo ni ruhusa ya kushindania nafasi. Nafasi yenyewe inatolewa na chuo. Barua ya mbunge ikifika nyumbani, furahini, lakini msianze kuaga watu.

Hatua ya 1: Hakikisha jalada limekamilika kweli

Jalada lenye pengo huwa linakaa tu likisubiri, na mwenye jalada naye anakaa akisubiri, kila upande ukidhani mpira uko kwa mwenzake. Ingia kwenye akaunti yako ya mwombaji na upitie mstari kwa mstari: matokeo ya sekondari, alama za SAT au ACT (mitihani ya kuombea vyuo), tathmini za walimu, mtihani wa utimamu wa mwili, usaili wa afisa wa udahili wa eneo lako, pendekezo, na afya. Kinachosahaulika zaidi ni matokeo ya muhula wa kwanza wa mwaka wa mwisho. Mshauri wa wanafunzi anaweza kukuambia "nimeshatuma", na akawa ametuma kweli, lakini kama akaunti haionyeshi kwamba yamepokelewa, hesabu kwamba hayajafika. Mrudie kwa adabu, umwombe atume tena.

Fanya ukaguzi huu kabla ya tarehe ya mwisho ya chuo chako, si baada yake. Tarehe hizo hazifanani. Nyingi ziko kati ya mwisho wa Desemba na mwanzo wa Februari.

Jambo la pili linawahusu hasa watoto waliozaliwa nje. Siku ya kuapishwa lazima kijana awe raia wa Marekani. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu na anayeishi na mzazi wake Marekani, anakuwa raia mzazi huyo anapopata uraia, bila kula kiapo chake mwenyewe. Lakini kuwa raia ni jambo moja na kuwa na karatasi ya kuthibitisha ni jambo jingine. Kama kijana hana pasipoti ya Marekani wala cheti cha uraia, anza kuishughulikia pasipoti sasa, wakati wa kusubiri. Ukingoja hadi barua ya nafasi ifike, utakuwa unakimbizana na ofisi za serikali wiki zile zile ambazo chuo kinataka nyaraka.

(Kwa wasio raia walioko nyumbani Afrika Mashariki: ipo njia ya wanafunzi wa kigeni, kupitia serikali ya nchi yako na ubalozi wa Marekani. Sheria inaruhusu kila kimoja cha vyuo vitatu vikubwa (West Point, Annapolis na Colorado Springs) kuwa na wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, miaka yote minne pamoja. Kalenda yao ni nyingine, na mengi ninayoeleza hapa chini kuhusu wabunge hayawahusu.)

Hatua ya 2: Fuatilia afya kila wiki

Uchunguzi wa afya unasimamiwa na bodi ya Wizara ya Ulinzi inayojulikana kwa kifupi chake, DoDMERB. Bodi hii haijui alama zako wala haijali. Kazi yake ni kulinganisha historia yako ya afya na vigezo vya jeshi, kisha kusema mojawapo ya mambo matatu: umekidhi, hujakidhi, au tunahitaji maelezo zaidi.

Hilo la tatu ndilo linalokula wiki. Chukua mfano wa kijana aliyeandika kwenye fomu kwamba alipokuwa mdogo alitumia dawa ya kuvuta ya pumu. Vigezo vinaangalia hasa kama pumu iliendelea baada ya kutimiza miaka 13. Bodi inaomba rekodi. Familia inapeleka barua ya daktari yenye mistari miwili: "Mgonjwa huyu ni mzima na anaweza kushiriki michezo." Barua hiyo haijibu swali lililoulizwa, na ombi jingine litakuja. Barua inayofaa inataja ugonjwa uligunduliwa lini, dawa gani ilitumika, mara ya mwisho kuandikiwa ilikuwa tarehe ngapi, matokeo ya kipimo cha mapafu kama kimefanyika, na hali ya leo. Na inaambatana na kurasa zenyewe za rekodi. Mkienda kwa daktari, chapeni swali la bodi lilivyoandikwa, mumkabidhi. Msimweleze kwa kumbukumbu.

Ukiambiwa hujakidhi, usikate tamaa siku hiyo. Bodi haina neno la mwisho. Chuo chenyewe kinaweza kutoa msamaha wa kiafya, na kila chuo kinaamua kivyake: kijana yule yule anaweza kupata msamaha kwenye chuo kimoja na akakosa kwenye kingine. Mara nyingi chuo ndicho kinachoanzisha mchakato huo, kwa mwombaji ambaye kinaona ana nafasi ya kuingia. Wewe kazi yako ni kutoa haraka kila karatasi inayoombwa.

Na usifiche kitu. Najua kwetu kuna tabia ya kutotaja magonjwa, hasa ya akili au ya utotoni, kwa kuogopa kuharibu bahati ya mtoto. Hapa ukweli uliofichwa ukigundulika baadaye unaweza kumwondoa jeshini mtu ambaye ugonjwa wenyewe ungesamehewa.

Hatua ya 3: Elewa nafasi zinavyohesabiwa

Hapa naomba usome polepole.

Kwa vile vyuo vitatu vikubwa, kila seneta na kila mbunge ana haki ya kuwa na wanafunzi 5 kwa wakati mmoja katika kila chuo, waliohesabiwa kwa jina lake. Makamu wa Rais naye ana nafasi zake 5. Mmoja akihitimu au akiacha, nafasi inafunguka, na mbunge anapeleka orodha ya majina kuishindania. Mapendekezo hayo yanatakiwa kufika vyuoni kufikia tarehe 31 Januari.

Mbunge anaweza kupanga orodha yake kwa njia tatu. Anaweza kumtaja mmoja kuwa chaguo la kwanza na kuwapanga wengine kwa namba nyuma yake. Anaweza kumtaja wa kwanza halafu akaacha wengine washindane. Au anaacha orodha yote bila mpangilio, na chuo kinawapima chenyewe. Ukiwa chaguo la kwanza na umekidhi masomo, afya na utimamu wa mwili, nafasi hiyo ni yako hata kama chini yako yupo mwenye alama kubwa kuliko wewe. Ofisi nyingi zinatumia njia ya tatu. Piga simu uulize ofisi yako inatumia ipi. Ni swali halali na wafanyakazi wamelizoea.

Katika njia ya ushindani chuo kinatumia alama ya jumla ya mwombaji. West Point kwa miaka mingi imekuwa ikihesabu masomo asilimia 60, uongozi asilimia 30 na utimamu wa mwili asilimia 10. Mwenye alama ya juu kwenye orodha, akiwa amekidhi yote, ndiye anayehesabiwa kwa mbunge. Waliobaki kwenye orodha hiyo, kama nao wamekidhi, wanaingia kwenye kundi la taifa zima na kushindania nafasi nyingine kwa mpangilio wa alama.

Sasa tazama maana yake kwa mtu anayesubiri. Jalada lako linaweza kuwa kamili tangu Novemba, lakini kijana mwenzako aliye kwenye orodha hiyo hiyo bado anatafuta rekodi ya goti lake lililofanyiwa upasuaji. Au wewe una mapendekezo mawili, la mbunge na la seneta, na chuo bado kinaangalia wewe uhesabiwe kwa nani ili mwingine naye apate njia. Ukimya wa namna hii hausemi lolote kuhusu ubora wako. Unaweza pia kukidhi kila kigezo na ukakosa nafasi kwa sababu tu wilaya yako ina waombaji wengi wazuri mwaka huo. Wazazi, hili mwelezeni kijana mapema, kabla jibu halijaja, ili asilisome kama hukumu ya utu wake.

Kings Point ina hesabu nyingine: huko nafasi zinagawiwa kwa majimbo, na waliopendekezwa wanashindana ndani ya jimbo lao.

Hatua ya 4: Zijue tarehe, kisha uziache zifanye kazi

West Point hutoa majibu kidogo kidogo majira yote ya baridi hadi masika. Annapolis inalenga kuwa imemjibu kila mwombaji kufikia tarehe 15 Aprili. Tarehe 1 Mei ndiyo siku ya kawaida ya mwombaji kukubali au kukataa.

Wapo wanaopata barua ya mapema, mara nyingine tangu vuli, inayosema chuo kitakupa nafasi ukikamilisha kilichobaki, kwa mfano pendekezo au afya. Ni barua nzito na inaheshimika, ila ina masharti. Usiilaze kwenye kabati ukadhani kazi imekwisha. Na kama hukuipata, usihesabu kwamba umeanguka: wengi wanaoingia hawakuipata.

Hatua ya 5: Peleka habari mpya, lakini ziwe habari kweli

Kukaa kimya kabisa si lazima. Alama mpya za SAT, unahodha wa timu, tuzo, matokeo ya muhula yaliyopanda: hayo yanafaa kupelekwa kwa afisa wa eneo lako, kama bado kuna muda. Barua pepe iwe fupi. Sema wewe ni nani na namba yako ya mwombaji, taja jambo jipya moja au mawili na tarehe yake, ambatisha uthibitisho, na ufunge kwa kusema chuo hiki bado ni chaguo lako la kwanza, kama ni kweli. Mistari sita inatosha. Barua ya kuuliza "mmeshaamua?" haina habari ndani yake, na ikija kila wiki inachosha.

Kama alama zako za utimamu wa mwili zilikuwa dhaifu, muulize afisa kama unaruhusiwa kurudia mtihani. Usirudie na kutuma bila kuuliza.

Anayeandika na kupiga simu awe kijana mwenyewe. Mama, baba, najua uchungu ulionao, na najua Kiingereza chako ni kizuri. Lakini chuo kinachotafuta afisa wa kesho kinataka kumsikia yeye. Mzazi akipiga simu ya udahili kila mara, anayeonekana kushindwa kusimama ni mtoto.

Hatua ya 6: Pokea simu

Kwa kawaida chuo kikitoa nafasi, ofisi ya mbunge au seneta hujulishwa kwanza ili yeye ndiye apige simu ya kumpongeza mwombaji. Akaunti yako inaweza kubadilika baadaye. Sasa, wengi wetu tumejifunza kutopokea namba tusizozijua kwa kuogopa matapeli. Miezi hii badilisheni utaratibu. Namba inayoanza na 202 ni ya Washington. Kijana afute ujumbe wa zamani wa sauti ili kisanduku kisiwe kimejaa, na salamu yake ya kurekodiwa itaje jina lake kwa sauti safi. Namba aliyoandika kwenye fomu ya mbunge iwe bado inafanya kazi. Kama mmehama mtandao na namba imebadilika, ijulisheni ofisi leo.

Na mtu akipiga akidai pesa ili "kusukuma" jalada, kata simu. Vyuo hivi havitozi hata ada ya maombi.

Hatua ya 7: Njia ya pili iendelee kutembea

Mwombaji makini anaomba pia vyuo vya kawaida, na anaomba ufadhili wa ROTC, mpango unaomlipia mwanafunzi chuo cha kiraia na kumtoa afisa mwishoni. Cheo anachoanza nacho mhitimu wa ROTC, luteni wa pili au enzini (ensign) wa majini, ndicho hicho hicho cha mhitimu wa West Point au Annapolis. Familia zetu zinadharau njia hii kwa sababu jina lake halivumi nyumbani. Mimi naiheshimu sana, na kwa vijana wengine ndiyo inayowafaa zaidi.

Jazeni fomu ya msaada wa masomo ya serikali, FAFSA, hata kama moyo uko Annapolis. Na kwa kuwa tarehe 1 Mei ni ya vyuo vya kiraia pia, pangeni mapema ni chuo gani mtakilipia amana ya kushikilia nafasi endapo jibu la jeshi litachelewa. Amana hiyo mara nyingi hairudi. Kubalianeni nyumbani kiasi mnachoweza kukipoteza bila manung'uniko.

Hatua ya 8: Usiharibu ulichokijenga

Masomo ya muhula wa mwisho yanaangaliwa, na nafasi iliyotolewa inaweza kufutwa. Bangi inaruhusiwa katika baadhi ya majimbo, lakini kwa serikali kuu bado ni kosa, na kadeti wapya wanapimwa. Kijana akivunjika mkono kwenye mpira mwezi Machi, bodi ya afya ijulishwe. Aendelee kukimbia maili moja, kupiga pushapu na kujivuta kwenye chuma, maana kadeti wapya wengi wanaripoti mwisho wa Juni au siku za mwanzo za Julai, na mafunzo ya kiangazi hayampi mtu wiki ya kujiandaa. Safari ya kwenda kuwaona babu na bibi isigusane na siku hizo.

Jibu likifika

Kama ni nafasi: soma barua yote kabla ya kubonyeza. Kubali ndani ya muda, viarifu vyuo vingine kwamba hutakwenda ili nafasi zao zipate watu, kisha anza orodha ya chanjo, viatu vya kuzoesha miguu, na nyaraka.

Kama ni orodha ya kusubiri: jibu kwamba unataka kubaki, lipia amana ya chuo cha pili, na uendelee na maisha. Nafasi hufunguka wengine wanapokataa, wakati mwingine baada ya tarehe 1 Mei.

Kama ni shule ya maandalizi: hii ni habari njema inayopokelewa vibaya. West Point na Colorado Springs wanazo zao huko huko, na ya Jeshi la Majini iko Newport, Rhode Island. Huwezi kuiomba moja kwa moja. Chuo ndicho kinachokuchagua, kwa sababu kinakuona unafaa lakini hesabu au Kiingereza chako kinahitaji mwaka mmoja zaidi. Mzazi asiseme mtoto "amerudishwa darasa".

Kama ni hapana: mpe kijana siku kadhaa bila ushauri. Halafu, kama bado anataka, aandike kwa afisa wake kuuliza ni wapi jalada lilikuwa dhaifu. Wapo wengi wanaoingia kwa jaribio la pili wakitokea mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Huko achukue kalkulasi, kemia pamoja na maabara, na uandishi wa Kiingereza, ajiunge na ROTC kama ipo, na apate alama za juu, maana sasa hizo ndizo zitakazosomwa kwanza. Pendekezo la mwaka uliopita halihamishiki. Ofisi za wabunge na maseneta nyingi hufunga maombi yao kati ya Septemba na Novemba, kwa hiyo wiki ya kwanza ya chuo, kabla hajamaliza hata kupanga vitabu vyake bwenini, awe ameshaomba upya kwa mbunge wake na kwa maseneta wote wawili, kwa anwani ile ile ya nyumbani.